Sindano si bidhaa muhimu

Yeoville, Johannesburg
20 Agosti 2020

Shoga yangu wa chanda na pete,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wanao na mama mkwe wako, hata kama goti lake bado linamsumbua. Sisi huku Bondeni, Afrika Kusini, tu wazima. Wengine tumekonda, wengine tumenenepa kwa kukaa ndani. Mimi nimekonda mfuko tu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Juzi ulinitumia sauti ya dakika nne, unacheka mpaka unakohoa, unauliza: "Hivi ni kweli huko kwenu kuku wa moto kapigwa marufuku na wa baridi karuhusiwa?" Nikaanza kukujibu, bando likakata katikati. Sasa kuna dereva wa lori, mtu wa Chalinze, anageuza kesho kurudi bandarini Dar, nikasema bora nikae niandike. Mabasi hayapiti mpaka leo. Binadamu hapiti mpakani lakini mzigo unapita, maana mzigo ni muhimu. Na hilo neno "muhimu", shoga, ndilo tumeishi ndani yake miezi mitano hii ya kufungiwa kwa ajili ya corona, kama kuku tengani.

Kuku ni kweli. Mwezi Aprili supamaketi zenye majiko ndani ziliendelea kuuza kuku wa kuchoma na pai za nyama. Waziri wa biashara, Ebrahim Patel, akasema hapana, chakula cha moto kilichopikwa hakiruhusiwi. Wenye maduka wakajibu kuwa kanuni zinasema chakula, na kuku ni chakula. Ikawa mabishano ya watu wazima na tai zao, mpaka tarehe 20 Aprili kanuni zikarekebishwa na chakula cha moto kikatajwa waziwazi kuwa hakiuzwi. Basi ukiingia dukani unamkuta kuku yule yule, kachomwa, kapoa, kalala kwenye friji, huyo halali. Mlinzi wa geti la jengo letu akauliza: "Na akiwa vuguvugu?" Tulicheka wiki nzima. Ila jirani yangu, mama mmoja Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi karibu na soko la Yeoville, hakucheka. Maandazi hayauziki baridi, na hata hayo baridi barabarani hakuruhusiwa kuyatandaza. Aliniambia kwa Kiswahili chao: "Dada, batatuua na njala mbele ya hii magonjwa."

Nirudi nyuma kidogo. Tulifungiwa usiku wa kuamkia 27 Machi. Rais Ramaphosa alisema siku 21, kisha tarehe 9 Aprili akaongeza wiki mbili. Ulikuwa hutoki ila kwa chakula, dawa, hospitali au kuchukua posho ya serikali. Mazoezi hakuna. Hata kutembeza mbwa, waziri wa polisi Bheki Cele, yule mzee wa kofia ya pama, alisema hakuna. Wenye mbwa walilia kuliko sisi wenye watoto. Madukani ikaja orodha ya vitu vya lazima: chakula, sabuni, dawa, mafuta, muda wa maongezi, umeme wa kununua kama luku yenu. Kisichokuwemo hakiuzwi, hata kama kipo rafuni mbele ya macho yako. Pombe na sigara ndizo zilizokatazwa tangu mwanzo.

Na sisi wageni tulipata yetu ya ziada. Kabla hata siku ya kwanza haijafika, waziri wa biashara ndogondogo alitangaza kuwa spaza, yale maduka ya uchochoroni, zitakazofunguliwa ni za wenyeji peke yao. Huku mitaani spaza nyingi ni za Wasomali, Wahabeshi na Wabangladeshi. Kwa hiyo mkate ni muhimu, ila mkate wa Msomali si muhimu. Baada ya siku chache wakalegeza, mwenye kibali akafungua, lakini neno lilishatoka na waliolisikia wamelihifadhi.

Sasa nikupe kisa changu. Siku ya kumi hivi sindano ya cherehani ilivunjika. Unanijua, mimi sindano sivunji ovyo, lakini nilikuwa nashona turubai la mtu, kazi ya mwisho niliyobaki nayo. Akiba nilikuwa nayo moja, namba 11, ya vitambaa laini, nayo ikaenda. Maduka ya vifaa vya ushonaji mjini yote kufuli. Nikakumbuka supamaketi moja kubwa ina rafu ndogo ya sindano na nyuzi, karibu na madaftari. Nikavaa, nikashika kikapu, nikaingia kama mtu wa unga na mafuta.

Nilikuta wameizungushia ile sehemu yote utepe mwekundu na mweupe, kama pale mtu anapouawa barabarani. Sindano naziona, shoga. Ziko hatua tatu. Nikaangalia huku, nikaangalia huko, nikanyoosha mkono chini ya utepe, nikachukua paketi moja na kuifukia chini ya unga. Nilipofika kwa karani wa pesa, binti mdogo mpole, akaipitisha kwenye mashine, ikalia. Akajaribu tena, ikalia tena. Akaniambia, "Samahani mama, hii si muhimu." Nikamwambia mimi ni fundi, hiyo ndiyo jembe langu. Akasema anaelewa, lakini mashine haielewi.

Nyuma yangu alikuwepo gogo mmoja, ndivyo wanavyomwita bibi huku, ana miaka sabini na ushee. Yeye kikapuni alikuwa na mafundo mawili ya uzi wa sufu wa kufumia. Naye wakamtolea. Bibi wa watu hakupiga kelele. Aliuliza polepole, foleni nzima ikisikia: "Mmeniambia nikae ndani. Nimekubali. Sasa huko ndani nifanye nini na mikono yangu?" Akatazamwa tu. Kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba serikali imekwenda wazimu. Mwingine akamjibu anyamaze, watu wanakufa Italia, uzi wa bibi unaweza kusubiri. Wakaanza. Mwanamume mwenye vazi la kazini akasema suala si uzi, suala ni kwamba duka lile lile limefunguliwa, karani yupo, uzi upo, pesa ipo, sasa kirusi kinaingilia wapi kati ya uzi na unga? Dada mmoja akasema ni haki kwa wenye maduka madogo waliofungiwa, haifai tajiri auze kila kitu wakati wao wamekaa nyumbani. Hoja hiyo niliiona ina uzito, maana duka ninalonunua nyuzi siku zote ndilo hilo lililofungwa. Lakini ukimtazama gogo, hoja inakosa pa kukaa.

Nilitoka na unga.

Jioni ile ndipo nikajua biashara ya ghorofa ya tatu. Kuna kaka anakaa pale, jina lake silitaji, aliyekuwa akiuza sigara kimya kimya tangu wiki ya kwanza. Unagonga mara mbili, unataja idadi, mlango unafunguka kiasi cha mkono kupita. Sigara moja iliyokuwa randi mbili alianza kuiuza tano, ikafika kumi, na paketi za majina ambayo wavutaji wenyewe walisema hawajawahi kuyasikia. Nikagonga. Nikamwambia sitaki sigara, nataka sindano namba 16. Akanyamaza kidogo. "Nipe siku mbili," akasema, kama mtu aliyeagizwa dhahabu. Siku ya pili akaleta paketi ya sindano tano, akaniuzia moja moja, randi 40 kila moja. Paketi nzima haifiki bei hiyo siku za kawaida. Nikanunua mbili. Baadaye akaongeza zipu, nyuzi, balbu za taa, chaja za simu na mkeka wa mtoto kuchezea. Marufuku ilimfungulia supamaketi.

Na usidhani ni jengo letu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwauliza wavutaji, na karibu tisa kati ya kumi wa waliohojiwa walikuwa bado wananunua sigara katikati ya marufuku. Serikali imekosa ushuru, mvutaji kavuta ile ile kwa bei ya kuuza ng'ombe, na kaka wa ghorofa ya tatu kanunua televisheni ukuta mzima.

La sigara ndilo lililowaudhi watu kuliko yote, na sababu yake ni hii. Tarehe 23 Aprili rais mwenyewe alitoka kwenye televisheni akasema kuanzia Mei sigara zitauzwa. Watu wakahesabu siku. Tarehe 29 akatoka waziri wake, mama Nkosazana Dlamini-Zuma, yule tuliyemzoea zama zake za Umoja wa Afrika, akasema hazitauzwa. Akaeleza kuwa watu wakisokota zile sigara zao za karatasi, wenyewe wanaziita zol, wanalamba karatasi kwa mate, kisha wanapokezana. Kwa daktari ni maneno ya maana, na yeye ni daktari. Lakini namna alivyolitamka hilo neno zol, na mikono ikionyesha, kulipokucha DJ mmoja alishalitia kwenye midundo, na watoto wa jengo letu wanalicheza ngazini. Waliokuwa na hasira waliuliza: nchi hii anaongoza nani? Chama cha watengenezaji sigara kikaenda mahakamani Pretoria, 26 Juni kikashindwa. Marufuku ikaendelea mpaka juzi.

Usiku ule ule wa 23 Aprili, rais alipomaliza hotuba, alitaka kutuonyesha namna ya kuvaa barakoa. Ikamgomea. Kamba moja sikioni, nyingine inamponyoka, kitambaa kinapanda kufunika macho. Nchi nzima ilimcheka, na yeye akacheka kesho yake, akasema atafungua chaneli ya kufundisha watu kuvaa barakoa. Mimi sikucheka, nilisimama. Nilijua hapo kazi imeingia. Kuanzia 1 Mei huruhusiwi kutoka nje bila kufunika pua na mdomo, na barakoa zinashonwa kwa nini? Kwa sindano! Nilishona kwa vitenge vya akiba, kwa mashuka, kwa pazia la chumbani. Lastiki ilipotea mji mzima, nikakata za chupi mpya nilizokuwa nimewanunulia watoto. Hizo sindano mbili za magendo ndizo zilizotii sheria ya serikali, barakoa zaidi ya mia nne.

Mwezi Mei wakashusha marufuku kutoka ngazi ya 5, iliyo kali kuliko zote, hadi ya 4, baridi inaanza kung'ata, nguo za baridi, mablanketi na hita zikaruhusiwa. Nikasema angalau. Ilikuwa Ramadhani, na unajua fundi anavyoishi kwa ajili ya Idi. Kumbe hata nguo zilikuwa na orodha yake. Tarehe 12 Mei ikatoka kwenye gazeti la serikali. Nikusomee? Fulana za kufuma za mikono mifupi ziuzwe, mradi zimetundikwa na kutangazwa kama za kuvaliwa ndani ya sweta au koti. Suruali za robo tatu ziuzwe, mradi zimeonyeshwa pamoja na mabuti na taiti. Viatu viwe vya kufunika vidole. Sitanii, shoga, waliandika hivyo, kukawa na kikao cha watu wenye mishahara wakijadili suruali inavyokutana na buti. Nilijiuliza kama kuna askari atakuja kupima miguu ya sanamu za dirishani.

Hapo ndipo, kwa macho yangu, serikali iliwapoteza watu. Mwanzoni walitii. Wiki ya kwanza Johannesburg ilikuwa kimya, unasikia ndege wakiimba barabara ya Louis Botha, na watu walisema bora iwe hivyo, tusife kama wale wa Ulaya. Ukimkataza mtu kutoka kwa sababu ya maradhi anakuelewa. Ukianza kumchagulia kiatu, anajiuliza wewe ni nani. Na mtu akishaicheka amri ya kiatu, kesho ataicheka na ya barakoa, ambayo ilikuwa ya haki. Nimewaona kwa macho yangu wakiteremsha barakoa kidevuni kwa kusema, "Si wale wale wa suruali na mabuti?"

Pombe ni hadithi nyingine, na hapa hatutakubaliana na mume wako. Rais alipoipiga marufuku mimi nilifurahi. Madaktari wa Baragwanath, ile hospitali kubwa ya Soweto, walisema wodi ya majeruhi ilipungua watu: hakuna visu vya Jumamosi, hakuna magari yaliyobingirika. Katika jengo letu kuna chumba ambacho kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunasikia mwanamke akipigwa. Aprili hatukusikia. Hilo siwezi kulibeza hata kidogo. Lakini pia siku ya Ijumaa Kuu, 10 Aprili, kule Alexandra, wanajeshi waliingia kwenye ua wa baba mmoja wakakuta kikombe cha pombe, nusu kikombe, na baba huyo alipigwa, akafa siku ile ile. Ndani ya ua wake. Mahakama Kuu ya Pretoria mwezi Mei ikaamuru askari waliokuwepo wasimamishwe kazi uchunguzi ukiendelea. Jambo jema likiwekwa kwenye mkono wa mwenye kitako cha bunduki, sijui linabaki jema kiasi gani. Nimelifikiria sana usiku, sijapata jibu.

Na wanywaji je? Hapa ndipo biashara yako ya mananasi inapoingia. Bei ya nanasi ilipanda huku mpaka magazeti yakaandika. Nanasi, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu, ndoo yenye mfuniko, siku kadhaa chini ya kitanda. Nchi nzima ikageuka wapishi, na vyote hivyo vimo kwenye orodha ya vitu muhimu. Jengo letu lilinuka kama mashamba ya mananasi ya Kiwangwa msimu wa mavuno. Baba mmoja wa ghorofa ya kwanza ndoo yake ilipasuka saa nane za usiku, tukadhani risasi. Ningekuwa na njia ya kukuletea lori moja la mananasi yako mwezi Aprili, leo ungekuwa unaniandikia kutoka Dubai.

Tarehe 1 Juni walipofungua, Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, watu walipanga foleni alfajiri na viti vyao na mablanketi. Duka lilipofunguliwa walishangilia kama timu imefunga bao. Wiki ile ile chumba kile kikaanza tena. Na tarehe 12 Julai, Jumapili usiku, rais akafunga tena papo hapo, hata wiki mbili za kuaga hakutoa. Maambukizi yalikuwa yamepamba moto. Tarehe 1 Agosti tulivuka wagonjwa laki tano, na waliokufa sasa wamezidi elfu kumi na mbili. Fundi mwenzangu wa Hillbrow yumo humo. Tulimzika tukiwa watu wachache, tukasimama mbalimbali kama miti.

Juzi Jumanne, 18 Agosti, ndiyo wamefungua vyote, pombe na sigara, ngazi ya 2. Nilipita ghorofa ya tatu nikamkuta kaka wa watu kakaa kwenye ngazi, kashika tama. Paketi kumi na tano zimebaki mkononi, alizozinunua kwa bei ya magendo, na sasa hata spaza ya kona inauza kwa bei ya kawaida. Akaniuliza kama nahitaji sindano. Nikamwambia maduka yamefunguliwa, kaka yangu. Akacheka, akanipa mbili za bure.

Wewe unaniambia huko kwetu hakuna aliyefungiwa, soko linaendelea, harusi zinaendelea. Sijui nikuonee wivu au nikuonee hofu. Vaa barakoa ukiingia kwenye daladala, hata wakikucheka. Nimekufungia sita, zile za kijani ndizo za pazia langu la chumbani, utalitambua kwenye picha za zamani.

Dereva atakupigia akifika Chalinze. Kwenye mfuko kuna kitambaa cha shweshwe yadi nne, cha kwako, usimpe wifi yako. Kuna sweta la mtoto, lina mikono mirefu, halina kesi. Na kuna paketi moja ya sigara ya mjomba, kwa vile aliniomba tangu Mei na nikakataa kumnunulia ghorofa ya tatu. Hii nimeinunua dukani jana mchana, mbele ya watu. Risiti nimeifunga kwa pini juu ya paketi, mwambie asiitupe.

Ni mimi,
shoga yako wa Bondeni